Kipande cha Mwisho cha Figili

Jumatatu, 11 Novemba

Mvua. Kanazawa nzima imelowa, na mimi nimesema uongo. Si mkubwa. Nimempigia Mama simu nikamwambia ulingo wangu wa gemu umechaguliwa kazini.

Haujachaguliwa. Kura ni Ijumaa. Lakini Mama anafunga mgahawa wake wa odeni, vile vipande vya kuchemshwa taratibu kwenye supu, Jumamosi hii, baada ya miaka thelathini na moja, kwa sababu magoti yamegoma, na sauti yake ilikuwa imenyong'onyea mno. Ningefanyaje? Na ulingo wenyewe ni sufuria yake! Ile ya shaba, ya pembe nne. Vijidude vya gemu yetu vitapigana humo, juu ya figili na mayai na tofu ya soya, na kitakachoteleza kitaogelea kwenye supu. Nimechora hata pale palipobonyea, alipoipiga upawa siku niliyofeli mtihani.

Nikamweleza Mama hayo. Kisha akauliza kama watu watajua ni sufuria yake. Nikasema dunia nzima itajua.

Baada ya saa moja akanipigia Bwana Tsubota, mteja anayekalia kiti kilekile cha pembeni tangu niko shule ya msingi. Kunipongeza! Ameshawatangazia wateja wote. Hajui gemu ni kitu gani, ila amefurahi kweli.

Basi sina budi kushinda.

Jumanne, 12 Novemba

Mpinzani wangu: Hatanaka Shiori, meza ya pili kutoka kwangu. Ulingo wake ni keki ya ghorofa saba yenye maporomoko ya krimu. Ni mzuri. Nakiri humu kwa kuwa hakuna asomaye. Kila anayepita mezani kwake anasema jamani, kazuri! Kwangu wanapita wakikohoa.

Mkuu wetu, Bwana Iwamura, aliitazama sufuria yangu kwa muda. Akavuta hewa kwa meno. Akasema ina utulivu. Hapa kwetu mkuu akivuta hewa kwa meno, jua kaburi linachimbwa.

Lakini mimi nami si wa jana. Nimejitolea kupanga ratiba ya majaribio. Ulingo wangu saa tano na nusu, watu wakiwa na njaa: wataipenda supu. Keki saa saba na nusu, wakiwa wameshiba: itawachefua. Hatanaka alinishukuru kwa kujitolea, akainama. Nikainama chini kuliko yeye. Akili ni mali!

Jumatano, 13 Novemba

Balaa.

Wajaribu sita waliitazama supu yangu dakika nne tu. Mizuhara, yule mwenye miwani ya bluu, akaweka pedi ya kuchezea chini akasema samahani, tumbo linamlilia. Wote wakatoka. Kwenda kula odeni! Fomu zangu zimebaki nyeupe.

Wakarudi wameshiba, wamechangamka, wakacheza kwenye keki hadi saa tisa. Nilisahau jambo ambalo hata mtoto wa kwetu analijua: kitu kitamu kina tumbo lake la pembeni. Shibe haikizuii.

Hatanaka akaja kunipa pole. Eti kesho nichukue nafasi yake, nijaribu tena. Sikuitaka huruma yake hata kidogo. Nikaipokea.

Jioni Mama kapiga simu. Anauliza kama nimeiweka taa ya mlangoni, ile ya karatasi nyekundu. Nikasema bila shaka. Nikakata simu nikaanza kuichora. Ina mchaniko upande mmoja. Upande gani? Nimefanya kazi za shule chini ya taa ile miaka kumi na miwili, na sikumbuki. Nilikaa na kalamu mkononi, nikaona uchungu. Nikachana upande wa kulia.

Alhamisi, 14 Novemba

Jaribio la pili. Sheria yangu ni hii: vipande vinazama kimoja kimoja, kinabaki kipande kimoja cha figili, na wa kwanza kukirukia ndiye mshindi. Mwisho wa kusisimua! Ndivyo nilivyodhani.

Kikabaki kipande kimoja. Mizuhara akasimamisha kijidude chake, akamwambia mwenzake Oda: "Karibu, chukua wewe."

Oda akasema: "Aa, wapi! Wewe ndiye mkubwa."

"Mimi nimeshiba bwana, chukua tu."

Vijidude viwili, kimoja cha kutema moto, vikasimama ukingoni vinaangaliana. Muda ukaisha. Sare. Jozi ya pili, sare. Jozi ya tatu, sare, na mmoja akaiomba figili radhi.

Nani kwetu huchukua kipande cha mwisho mbele ya watu? Nimekulia mgahawani! Kila siku nimeona kipande kimoja kikipoa sahanini kati ya marafiki wa kufa na kuzikana. Na bado nikaitunga sheria ile. Bwana Iwamura akavuta hewa kwa meno. Mara mbili.

Nimefikiria kumwambia Mama ukweli. Nimefikiria pia kuugua kesho. Nimechagua kuugua.

Ijumaa, 15 Novemba

Hata kuugua nimeshindwa. Nilipiga simu kazini nikikohoa, akapokea Hatanaka. Akasema niache mambo yangu, nije upesi.

Alikuwa amegeuza sheria yangu. Sasa anayegusa kipande cha mwisho ndiye anayeshindwa: aibu inamzamisha. Kazi ni kumshawishi mwenzako akichukue. Unamsifu, unamsukumia, unajifanya umeshiba. Akasema wajaribu walinionyesha gemu yenyewe jana, ila mimi nilikuwa nakodolea saa.

Nikamuuliza kwa nini ananisaidia, na yeye ana keki yake. Akasema anakula kwa Mama kila Alhamisi, mwaka wa sita huu. Kiti cha tatu. Na jana Bwana Tsubota alimwambia kwamba nilishashinda tangu Jumatatu. "Hongera, Komaki-san," akasema, kwa jina langu la ukoo, la heshima. Hakucheka.

Nilitamani ardhi inimeze. Si kwa sababu ya uongo tu. Mimi, mwana wa kumzaa, sijakanyaga pale tangu Agosti.

Tukajaribu. Mizuhara alicheka hadi pedi ikamdondoka. Kura kumi na moja kwa nne. Mkuu hakuvuta hewa kabisa. Nimeshinda! Tumeshinda. Sawa, tumeshinda.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimeenda na skrini mgahawani, nikaeleza sheria mpya. Mama akafuta mikono, akautazama ulingo muda mrefu. Akagusa pale palipobonyea. Akasema taa imechanika kushoto, si kulia. Kisha akasema: "Hongera, Teru. Ya Jumatatu na ya jana."

Alijua! Akasema tangu utotoni nampa matokeo kabla ya mtihani, ameshazoea. Nikalia kidogo. Nikasingizia mvuke.

Watu walikula hadi sufuria ikabaki na kipande kimoja cha figili. Bwana Tsubota akamsukumia Hatanaka. Hatanaka akanisukumia mimi. Nikamrudishia mzee. Ikawa hivyo hadi supu ikakaribia kukauka. Mama akazima jiko, akakichukua yeye, akakila akiwa amesimama.

"Basi nimeshindwa mimi," akasema. Tukacheka sote, kisha hakuna aliyecheka.

Bwana Tsubota akauliza, taratibu, kama kwenye gemu kuna mahali pake. Nikasema yupo! Kijidude cha pembeni, chenye kofia. Na sanamu ya Mama mlangoni, refu. Mama akainua upawa kama siku ile ya mtihani. Hatanaka akafumba macho.

Hakuna kijidude chenye kofia. Wala sanamu. Jumatatu nitamwomba Bwana Iwamura. Atakubali tu, kwa sababu mbinu ninayo tayari. Inahusu ratiba.