Kukagua Saa ya Ons

Jumatatu, 3 Juni

Namshukuru Mungu! Kazi imenifuata yenyewe mpaka mezani. Bi Neziha, mkuu wetu, ametangaza kwamba wiki hii atachagua kiongozi wa timu. Wa kufikiriwa tuko wawili tu. Mimi, Slim Gharsalli, mwandika programu mkongwe kuliko wote mjini Sousse (basi, kuliko wote ofisini). Na Ons, ambaye juzijuzi tu alikuwa akiniuliza choo kiko wapi.

Halafu Bi Neziha akanikabidhi mimi nikague kiendeshi kipya cha saa alichoandika Ons. Mimi! Fisi kapewa bucha alinde.

Mama mkwe alisikia neno “saa” akaniletea ya ukutani iliyokufa. Nikamweleza kwamba siyo hiyo, mama. Ndani ya kila bodi ya mtambo kuna kijiwe kinachodunda, na viungo vyote hucheza kwa mdundo wake. Umeme ukirudi, kiendeshi, yaani kijiprogramu kidogo, hukiamsha kwanza, kabla programu kubwa haijafikicha macho. Kijiwe kisipodunda, mtambo mzima ni sanduku. Na mitambo yetu hupoza maziwa kwenye matangi ya wafugaji. Akasema ameelewa, ila na hii ya ukutani niitengeneze.

Mpango: kumzika Ons chini ya kasoro.

Jumanne, 4 Juni

Nimeandika maoni kutwa. Hapa nafasi imezidi. Huu mstari mrefu mno. Jina hili la kitoto. Nukta iko wapi? Msimbo wenyewe sijausoma, nani ana muda? Mwishoni nilitaka swali moja la kuuma. Likanikataa.

Mara Raudha, mke wangu, akapiga simu. Alikuwa ananisubiri sokoni na vikapu tangu adhuhuri. Nilisahau kabisa. Alifoka: “Wewe Slim! Mtu akimsubiri asiyekuja, asubiri mpaka lini? Mpaka aote mizizi?”

Swali hilo! Nimelinakili vilevile, chini ya mstari ambapo programu ya Ons inasubiri saa iamke. Mstari wenyewe niliubonyeza kwa bahati tu. Ndipo nikaenda kumchukua mke wangu. Mwanamke wa dhahabu. Chakula cha jioni kilikuwa mkate na harisa, pilipili ya kusaga, bila maelezo.

Jumatano, 5 Juni

Balaa! Ons ameyafanyia kazi maoni yote, na chini ya kila moja ameandika “Asante, kaka Slim.” Hana haya! Bi Neziha kapita mezani kwangu, akasema hajawahi kuona mkaguzi mwenye jicho kama langu, akaniachia keki mbili za makrudhi. Nilikuwa nimekasirika, lakini zilijaa tende. Nimezila kwa shukrani.

Faraja moja. Lile swali la Raudha hakulijibu. Kajifungia chumba cha majaribio. Nimemchungulia dirishani: anachomoa waya wa umeme, anachomeka, anachomoa tena, huku midomo inacheza. Maskini! Nimemvuruga akili. Karibu nimwonee huruma.

Ijumaa, 7 Juni

Ons ameleta toleo jipya, ananiomba nilipitie upya. Sikulifungua. Nimeidhinisha papo hapo, na jina langu sasa liko juu ya msimbo: “Amekagua: Slim Gharsalli.” Ukarimu huu una sababu. Kesho tunakipeleka kiendeshi kwenye kituo cha maziwa karibu na mji wa Mahdia, Bi Neziha akiwepo. Tangi la pili litapewa kiendeshi cha Ons. La kwanza litabaki na cha zamani, nilichokiandika kwa mikono yangu hii. Katikati ya sherehe nitazima swichi kubwa ghafla, bila kumwambia mtu. Chake kitaanguka, changu kitasimama, nami nitasikitika mbele ya watu.

Ons alitaka tujaribu kwa maji. Nikampigia Ami Tijani, mwenyekiti wa wafugaji, nikamwambia maji hayathibitishi kitu, weka maziwa. Akasita. Alisema ni maziwa ya asubuhi ya kijiji kizima, na kuna wajane ambao hawana ng'ombe wa pili. Nikamhakikishia kwa heshima yangu. Akaniombea dua ndefu. Mzee mwema.

Raudha ameuliza: kitu kikianguka, si jina langu ndilo lililokikagua? Nimemjibu kwamba haelewi siasa za ofisi.

Jumamosi, 8 Juni

Acha niandike yote kabla sijalala.

Jua la kuchoma mawe. Matangi mawili, yote yamejaa. Wafugaji wamejipanga ukutani, ndoo miguuni. Bi Neziha anaanza hotuba. Nikanyata hadi kwenye swichi. Nikaizima! Nikahesabu pumzi chache, nikaiwasha.

Tangi la pili likasita. Moyo ukaniruka kwa furaha. Kisha kwenye kioo chake kidogo yakatokea maneno: saa kubwa haijaamka, naendelea kwa saa ya akiba. Likanguruma. Likapoza. Wafugaji wakapiga makofi.

Tangi la kwanza? Kimya. Nikazima, nikawasha. Kimya. Nikalipiga kofi. Kimya.

“Hilo ndilo zoea lake,” mama mmoja akasema. “Lina usingizi kama mume wangu. Siku nyingine tunaliamsha mpaka mikono inauma.”

“Na tukipiga simu kwenu,” Ami Tijani akadakia, “kuna bwana mmoja anatuambia umeme wetu ndio mbovu.”

Nilijishughulisha na kamba za viatu.

Joto la maziwa likaanza kupanda. Wajane waliacha ndoo zao. Walisimama tu wakilitazama tangi kama watu walio nje ya wodi. Hapo, nakiri, niliinamisha kichwa. Nikaomba kimoyomoyo: Mola wangu, mpe Ons cheo, mpe na kiti changu, ila maziwa haya yasiharibike!

Ons hakuuliza nani aligusa swichi. Alipiga magoti kwenye saruji yenye maji, akafungua kisanduku, akaniambia nimshikie waya nisitikisike. Nilishika kama nimeshika roho ya mtu. Akamimina programu yake mpya ndani ya bodi ya zamani. Tangi likakohoa. Likanguruma! Ami Tijani akachovya kikombe, akaonja, akafumba macho.

“Mazima,” akasema. “Alhamdulillahi, mazima!”

Mama mmoja akanikumbatia mimi, kwa kuwa nilikuwa karibu. Nililia. Wakadhani ni unyenyekevu.

Bi Neziha akauliza Ons alijuaje kuweka saa ya akiba. Ons akanigeukia. “Ni kaka Slim. Programu yangu ilikuwa inaisubiri saa kubwa bila kikomo, kama ile ya zamani. Yeye akaniuliza, mtu akimsubiri asiyekuja, asubiri mpaka lini? Sikulala vizuri. Nikaweka kikomo.” Akanishika mkono. “Asante, kaka. Wengine wangeona aibu kuniuliza waziwazi.”

Nikasema ndiyo kazi ya mkaguzi.

Uongozi wa timu amepewa Ons. Nilipiga makofi, na ajabu ni kwamba yalitoka moyoni. Mola amejibu dua, ila angeweza kuichuja kidogo. Ami Tijani amenipa siagi na jibini fungu zima, kwa kubuni, eti, jaribio gumu la swichi. Raudha amekula akafurahi, akauliza lile swali nilisema nimelitoa wapi. Nikamwambia ni la kitaalamu.

Jumapili, 9 Juni

Nimeamka nikiwa na shukrani tele. Nimekaa kibarazani na kahawa, nikatafakari mambo ya jana kwa unyofu. Funzo liko wazi: watu wa maziwa wananipenda.

Adhuhuri Ami Tijani kapiga simu. Nduguye ana mashine ya kukamulia, inawang'ata ng'ombe chuchu na hakuna fundi anayeiweza. Je, mtu mwenye jicho kama langu haijui? Nikamwambia mashine hizo nimekua nazo. Ons alisikia habari, akanitumia ujumbe kwamba ana rafiki anayezitengeneza, aje naye? Nimemjibu apumzike, kiongozi asichoke. Utukufu huu haugawiki!

Naondoka alfajiri. Namshukuru Mungu kwa watu wanaoniamini hivi. Nimemuuliza Raudha kama ng'ombe hupiga teke kwa mbele au kwa nyuma. Anacheka tu.