Ua la Miaka Elfu Tatu kwenye Pampu ya Kanyilum

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kiti chake mnakiona hapa mbele kimefunikwa kitambaa kizuri, na ambaye mwenyewe yuko njiani kutoka Nairobi, au yuko karibu kuanza kuwa njiani; Bwana Chifu Oketch wa lokesheni hii, pamoja na kofia yako ambayo leo imepigwa pasi; wazee wa mitaa; mapasta wa makanisa yote, yale yenye ngoma na yale yasiyo na ngoma; Injinia Tanabe, rafiki yetu kutoka Japani anayetuchimbia mifereji ya mpunga; Mwalimu Wakhisi wa sayansi, ambaye nakuona umeketi nyuma na mikono umeikunja, usijali, nitakufikia; kina mama wa Kikundi cha Maji cha Kanyilum na mwenyekiti wenu Mama Benta; wageni mliotoka Katito, Pap Onditi na hata Usenge; mabibi na mabwana, na mwenye yule mbuzi anayekula utepe, tafadhali mfunge: hamjambo? (Hatujambo.) Hamjambo tena? (Hatujambo, kwa sauti ya chini kidogo.) Ero kamano, asanteni.

Mimi, kama mnavyojua, na kama wale wasiojua watakavyojulishwa, ni Dishon Obiero, Mwenyekiti wa Kamati Maalum ya Maji, Maua na Mambo Mengineyo. Kamati hii ilianza kama kamati ya maji peke yake, lakini maendeleo hayasimami mahali pamoja, na mimi kama kiongozi mwenye maono sikuona sababu ya kung'ang'ania maji wakati maua yamejitokeza. (Makofi kutoka safu ya mbele.) Leo tumekusanyika kuzindua rasmi Hifadhi ya Ua la Miaka Elfu Tatu, ya kwanza barani Afrika na, kwa mujibu wa fizibiliti stadi niliyoifanya mimi mwenyewe kwa kukaa na kufikiri, ya kwanza duniani.

Turudi nyuma kidogo kwenye historia. Mwezi wa tatu mwaka huu, kwa mkono wangu huu huu, niliifungua pampu mnayoiona pale chini ya shuka, nikanywa glasi nzima ya maji mbele ya mpiga picha, na picha ikatoka gazetini ikiwa na glasi yote na sehemu kubwa ya uso wangu. Baada ya hapo wataalamu walishauri kwamba mkono wa pampu ufungwe kwa mnyororo na kufuli ili maji yapate muda wa kuzoea mazingira mapya, na ufunguo ukapelekwa Kisumu kwa usalama wake. (Sauti ya mama: "Mpaka leo!") Mpaka leo, asante mama, hiyo ndiyo inaitwa mentenansi. Sasa, kwa kuwa hakuna binadamu aliyeutikisa mkono ule tangu siku ile, muujiza ukapata nafasi yake. Mama Benta alikwenda asubuhi moja kuanika leso yake juu ya pampu, kitendo ambacho ni kinyume cha sheria lakini tumemsamehe, akaona vijiua vyeupe vimeota kwenye chuma kitupu. Vidogo kuliko punje ya wimbi, kila kimoja kimesimama juu ya kikonyo chembamba kama unywele, bila udongo, bila jani, bila mzizi. (Pasta mmoja avua kofia.)

Injinia Tanabe alikuwa anapita na pikipiki yake. Akasimama, akavua helmeti, akakutanisha viganja hivi, akainama. Nilipofika nikamwuliza, Injinia, hiki ni kitu gani? Akaniambia kwamba kwao, katika vitabu vya Buddha, kuna ua linaloitwa udumbara, linachanua mara moja tu kila miaka elfu tatu, na likichanua ni ishara kwamba duniani amefika mfalme mkuu mwenye haki, mzungusha gurudumu, ambaye anatawala bila fimbo na watu wanapata raha. (Mnong'ono.) Halafu akaendelea kusema mengine, kwamba bibi yake aliwahi kupiga magoti mbele ya ua la namna hiyo lililoota kwenye taa ya nyumbani, na kwamba mwalimu wake wa shule alisema kitu tofauti kabisa, lakini hapo alikuwa ameingia mambo ya kitaalamu sana na mimi nilikuwa nimeshapata nilichohitaji.

Ndugu wananchi, mimi si mtu wa kujisifu, na wale wote niliowasaidia wanaweza kushuhudia hivyo kwa zamu. Nauliza tu. Ni kiongozi gani amewahi kuzungusha gurudumu katika tope hili jeusi la Nyakach, tena wakati wa masika, akiwa ndani ya Pijo mia tano na nne? (Sauti ya mzee: "Sisi ndio tulisukuma!") Mlisukuma, ndiyo, lakini usukani alishika nani? (Kicheko kirefu.) Ua halikosei, mzee wangu. Limeacha Nairobi, limeacha hata huko kwao, likaja kuota kwenye pampu ambayo jina langu limeandikwa juu yake.

Sasa nije kwako, Mwalimu Wakhisi. Bwana huyu, ambaye tulimpokea kutoka Bungoma kwa mikono miwili, tukampa nyumba yenye mabati, amezunguka soko zima akisema kwamba ua letu ni mayai ya mdudu. Mayai! (Kicheko, vigelegele.) Eti kuna kidudu cha kijani, mabawa yake kama neti, kinataga juu ya vikonyo ili watoto wake wasilane. Nilimwita ofisini nikamwuliza kistaarabu, Mwalimu, kama haya ni mayai, kuku wake yuko wapi? Akaanza kunichorea picha ubaoni. Nikamwambia, huyo mdudu kama yupo kweli, alete kitambulisho na aandike taarifa kwa Chifu. Mpaka leo mdudu hajafika. (Mwalimu Wakhisi: "Mheshimiwa, wiki iliyopita nilikuonyesha moja limeshapasuka, mtoto ametoka!") Limepasuka kwa furaha, Mwalimu. Keti.

Nawapongeza wale walioamini. Watu wa Usenge wamekuja na dagaa wa omena gunia zima kama sadaka, na ingawa ua halili omena, kamati imelipokea gunia kwa niaba yake. Nabii Maximilla na waumini wake wamekesha hapa na ngoma. Na wale mapasta waliosema hii ni dini ya kigeni, tulikaa nao chini tukaelewana kwamba serikali haina upande katika suala la ua, ila kila dhehebu litapewa saa yake ya kuliangalia. Matokeo yake ni nini? Kabla ya hapo Kanyilum ilipata mgeni mmoja kwa mwaka, naye alikuwa amepotea njia. Sasa ongezeko ni kubwa kiasi kwamba mashine yetu ya hesabu ilikataa kulionyesha. Ndiyo maana masta plani yetu, katika fesi wani, inaleta seng'enge, ambayo tayari mnaiona imeizunguka pampu, na katika fesi tu inaleta hoteli ya ghorofa sita, uwanja wa ndege, na bwawa la kuogelea kwa ajili ya watalii. (Sauti ya mama: "Bwawa itatoa maji wapi?")

Nimeisikia sauti hiyo. Ni Mama Benta. Mama, simama uongee, hapa ni demokrasia, lakini fupisha.

(Mama Benta: "Mheshimiwa, mimi sikatai ua. Mimi ndio niliona ya kwanza, na ilikuwa safi, nilifurahi. Lakini sisi natafuta maji. Mtoto wa Rosa anahara tangu Jumapili. Tunateka mtoni pale ng'ombe inakunywa. Rosa amekuja hapa kila asubuhi, anapiga magoti nje ya hiyo waya, anaomba ua mtoto apone. Mimi nilimwambia, nyamera, dada yangu, omba Mungu, halafu chemsha maji. Kuni nayo hakuna. Fungua hii pampu leo. Ni hiyo tu.") (Kina mama wote: "Pi! Pi! Maji!")

Asante, Mama, nimeguswa sana. Mnaona vile nimetoa kitambaa. Lakini hebu tufikiri kama watu wazima: ukipampu, mkono unatikisika, mkono ukitikisika, ua linaanguka, ua likianguka, ulimwengu mzima unangoja tena miaka elfu tatu, na wewe Mama utasimama mbele ya historia useme nini, kwamba ulitaka ndoo moja? (Mama Benta: "Ndoo mbili.") Kamati italitazama suala la mtoto wa Rosa katika mkutano wake ujao, chini ya ajenda ya mengineyo. Kwa sasa mgeni rasmi bado yuko njiani, kwa hiyo kwa mamlaka niliyojipa hivi sasa ninakata utepe uliobakizwa na mbuzi, na ninaifunua shuka. Wapiga picha, tayari! Moja, mbili...

(Shuka yavutwa.)

Chifu Oketch. Njoo hapa. Sogea. Ua liko wapi? (Chifu: "Mheshimiwa, iko hapo hapo kwa mkono.") Mimi naona chokaa. (Chifu: "Ndiyo, Mheshimiwa. Si ulisema mgeni mkubwa anakuja? Mgeni mkubwa akija sisi tunapaka chokaa. Tulipaka mawe, tukapaka miti, tukapaka choo ya shule. Pampu nayo haikuwa inatembea, tukapaka.") Na mnyororo? (Chifu: "Nilikata, brashi ipite vizuri nyuma.") (Kicheko kinaanzia nyuma kwa Mwalimu Wakhisi na kufika mbele kwa mapasta.)

Tulieni! Tulieni, wananchi. Kumbe hamjaelewa kilichotokea. Jana ua lilikuwa dogo, vijiua vichache tu kwenye mkono. Leo, mbele ya macho yenu, limeenea pampu nzima, jeupe kabisa, kutoka juu hadi chini! Huo si muujiza? Tena limefika mpaka kwenye choo cha shule! (Vigelegele vya mtu mmoja, kisha navyo vinakoma.) Injinia Tanabe, simama uwathibitishie. (Injinia Tanabe asimama. Anamwangalia Rosa aliyembeba mtoto mgongoni. Anamwinamia Rosa, si pampu. Anaketi.) Mmeona, amethibitisha.

Mama Benta, wapi tena? Mama, hiyo ni seng'enge ya serikali, usiinue. Askari! Askari, usimshikie waya apite, nimesema umzuie! Mama, usiushike huo mkono, rangi haijakauka. Mama, nakusihi kama mwanao, usipampu, nasema us...

(Mama Benta apampu mara moja. Mkono wapanda bila uzito wowote. Apampu tena. Pampu yainama polepole na kuanguka ubavu. Chini yake hakuna bomba wala shimo. Kuna nyasi ya manjano. Rosa aangua kilio.)

Hilo, wananchi, ni jambo dogo la kiufundi.

Kwa kuwa muda umekwisha, na kwa kuwa baadhi yenu mmeanza kuokota mawe yaliyopakwa chokaa, jambo ambalo linaharibu mapambo, naomba tumalizie kwa wito wetu. Nikisema maji, nyinyi semeni yanakuja! Maji! (Kimya.) Nikisema ua, semeni juu! Ua! (Sauti ya mzee: "Chini!") Asanteni, mmeitikia kwa roho moja.

Sasa shukrani. Namshukuru mkandarasi wa kuchimba kisima, ambaye hatukumsumbua. Nayashukuru mabomba, ambayo yako salama, yameshikilia paa la nyumba yangu mpya na hayajapata kutu hata kidogo. Namshukuru dereva wangu Walter, ambaye siku ile ya ufunguzi alinibebea jerikani ya maji kutoka Kisumu, na glasi. Naishukuru pikapu ya kamati, ambayo kama isingevunjika ekseli siku hiyo hiyo, pampu hii isingelala hapa hata usiku mmoja, maana ilitakiwa kurudi jioni ile ile, na sisi wote tusingepata ua. Na zaidi ya wote nawashukuru kina mama wa Kanyilum kwa uvumilivu wenu, mliosubiri maji bila kuuliza sana, na ambao sasa nawaona... Kina mama? Mbona mnaondoka kabla ya soda? Mama Benta, weka chini hiyo pampu! Kina mama, mnaipeleka wapi, mto uko upande huu! Chifu, kwa nini wanaelekea barabara ya Kisumu? Nani amewaambia ofisi ya Mkuu wa Mkoa iko wapi? Mwalimu Wakhisi, wewe pia unawasaidia kubeba? Injinia, hata wewe? Walter! Walter, acha soda, washa gari, wakimbilie! Waambie nawapa ua, nawapa omena, nawapa hata seng'enge, lakini pampu wairudishe, kamati nzima haina nyingine, na kesho saa nne asubuhi naifungulia maji Usenge!