Maoni ya Kaleli Kuhusu Vazi la Stima

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Siku kubwa. Nimefungua saiba yangu ya intaneti hapa Ngoingwa, Thika, na kabla sijawasha hata mashine ya fotokopi nikaona tangazo kwenye simu. Muvi ya pili ya Stima itaonyeshwa Jumamosi alasiri kule Ruiru. Inaitwa Stima Imerudi.

Kwa yeyote atakayesoma shajara hii nikishakuwa maarufu: Stima ni yule shujaa mwanamke wa Thika ambaye umeme humtoka mikononi. Adui yake ni Bwana Giza, anayezima taa za miji mizima kwa chuki tu. Muvi imetengenezwa na vijana wetu wa hapa hapa. Ya kwanza, mwaka jana, ilijaza ukumbi siku nane mfululizo.

Na maoni makali kuliko yote kuhusu hiyo ya kwanza niliyaandika mimi. Ukurasa wangu unaitwa Jicho la Kaleli. Wafuasi mia mbili na kumi, watu wa maana. Niliandika kwamba vazi la Stima lilifanana na chandarua kilichochovywa kwenye chai. Sijawahi kuandika sentensi nzuri kama hiyo. Wakati mwingine nafungua ukurasa niisome tena.

Tangazo linasema kwamba muvi ikiisha kutakuwa na jopo la watazamaji wawili, watakaokaa mbele ya ukumbi na kutoa maoni yao. Kiti kimoja amepewa Tabby wa Membley, yule msichana mwenye wafuasi elfu tisa. Elfu tisa, kwa kutabasamu tu! Kingine atapewa mtu atakayeleta maoni mengi zaidi ya wananchi kuhusu Stima kufikia Jumatano.

Hicho ni changu.

Jioni nimewaambia nyumbani. Mke wangu Wayua akauliza kama haingekuwa vizuri niione muvi kwanza. Binti yetu Mwelu, ambaye ni fundi wa nguo katika karakana moja ya Ruiru, alibeba sahani yake akaenda kula jikoni. Amechoka, maskini. Hizo sare za shule wanazomshonesha zitammaliza.

Jumanne, 12 Agosti

Akili yangu inanishangaza. Nimechapisha fomu za maoni. Swali ni moja: Umeionaje muvi ya Stima Imerudi? Kuna visanduku vitatu vya kuchagua. Mbaya. Mbaya sana. Sijaiona lakini ni mbaya.

Kila mteja aliyeingia saiba leo amejaza fomu kabla ya kuhudumiwa. Aliyetaka kuchapisha barua ya kazi, amejaza. Aliyetaka picha za pasipoti, amejaza. Mwalimu Nzisa wa chekechea alikataa. Alitaka kujua atakuwaje na maoni kuhusu kitu ambacho hakijaonyeshwa. Nikamweleza kwamba mtazamaji mwenye uzoefu haongozwi na macho peke yake. Akaenda kuchapisha mitihani yake saiba ya ng'ambo ya barabara. Hasara yake.

Ephantus, jirani yangu mwenye hadwea, duka la misumari na rangi, alinikera. Huyu mtu hupenda kila kitu. Alipenda muvi ya kwanza, hupenda mvua, hupenda hata mahubiri marefu. Alisoma fomu yangu polepole, akaomba rula, akachora kisanduku chake cha nne. Nzuri sana. Akakiwekea tiki.

Fomu sitini na tatu. Yake nimeiweka chini kabisa.

Jumatano, 13 Agosti

Ushindi. Naandika nikiwa bado nimevaa viatu.

Nilipeleka fomu Ruiru, kwa Mwas, mwelekezi wa muvi. Ni kijana mwembamba mwenye ndevu chache na adabu nyingi. Alizipitia moja moja. Akauliza watu sitini na wawili wamewezaje kuichukia muvi ambayo mpaka sasa imeonwa na yeye, mhariri na mamake. Nikamwambia watu wa Ngoingwa huona mbali. Akafunika uso kwa zile fomu, mabega yakatikisika. Nadhani aliguswa. Alipopata sauti alisema hakuna mwingine aliyeleta maoni, kwa hivyo kiti ni changu, na kwamba jopo linahitaji mtu kama mimi.

Mtu kama mimi! Nimerudi Thika kichwa juu.

Wakati wa chakula nikatangaza. Mwelu akaacha tonge hewani. Akauliza kama nitazungumza pia kuhusu vazi. Nikamwambia vazi hasa. Watu wananijua kwa vazi.

Kisha nikakumbuka kwamba nina fundi nyumbani kwangu. Nikamwomba anifundishe maneno ya kazi yake, ili Tabby asiniweze. Akaleta blauzi ya mamake akanionyesha. Hili ni pindo. Huu ni mshono wa ubavuni. Hapa mkono unapokutana na bega ndipo fundi hujulikana, kwa sababu kitambaa hukataa kulala. Alieleza taratibu, akinipitishia kidole changu kwenye mshono. Sikujua kwamba bega ni kazi kubwa hivyo. Akaniambia nikitaka kusema mshono umekaa vibaya, niseme umekaa vibaya wapi.

Nimeandika yote. Watoto wangapi huwasaidia baba zao hivi? Najivunia sana. Nitasema bega.

Alhamisi, 14 Agosti

Maoni bila makofi ni kama kuongea na ukuta. Kwa hivyo leo nimekutana na kwaya ya kanisa letu baada ya mazoezi yao, kwa ruhusa ya Mutinda, mwalimu wa kwaya. Watu kumi na wanane, na wote walikuwa tayari wana tiketi za Jumamosi. Hilo lilinishangaza. Sikujua kwamba kwaya yetu inapenda mashujaa.

Mpango ni rahisi. Nikivua miwani, makofi. Nikiivaa, wanaguna kwa masikitiko. Tumerudia mara kumi. Soprano ni wazuri. Sauti ya tatu huguna mahali pa makofi, na Ephantus, ambaye huimba besi, hupiga makofi muda wote bila kuangalia miwani. Nimemwomba asije. Akasema hawezi kukosa kwa lolote.

Nilipomsimulia Wayua, aliweka mwiko chini. Akaniambia nisikilize jambo moja tu wiki hii. Jumamosi, muvi ikiisha, nikae kwenye kiti mpaka majina yaishe. Nikauliza majina gani. Akasema yale yanayopita mwishoni, ya watu waliofanya kazi. Nikamweleza kwamba hakuna anayeyasoma hayo. Huwekwa ili watu wapate muda wa kutafuta koti.

Alichukua mwiko tena. Kisha akasema alinipenda zamani kwa sababu nilimchekesha, na kwamba kuna siku hukumbuka hilo kwa nguvu.

Wayua akiwa mpole hivi, huwa ananionea fahari.

Ijumaa, 15 Agosti

Hotuba iko tayari. Kurasa saba. Sehemu ya vazi peke yake ni kurasa nne. Nimeandika kwamba bega la kushoto limekaa kama pazia la hoteli lililokatika kamba. Sijaliona bega lenyewe, lakini kutokana na muvi ya kwanza, haliwezi kuwa zuri.

Tabby ameandika kwenye ukurasa wake kwamba kitu bora katika muvi ya kwanza kilikuwa vazi, na anasubiri kwa hamu kuona fundi yule amefanya nini safari hii. Nikamjibu hapo hapo, mbele ya elfu tisa wote, kwamba kesho nitalichambua vazi hilo uzi kwa uzi. Akajibu kwa heshima kwamba anasubiri kujifunza kutoka kwangu. Anaogopa, inaonekana.

Nimenyolewa. Suti imepigwa pasi. Mwelu ndiye aliyeipiga. Akaona kifungo kimelegea, akakishona nikiwa nimesimama nayo mwilini. Nikamwuliza kama atakuja kunisikiliza. Akasema atakuwepo, ila hataketi na sisi.

Jumapili, 17 Agosti

Jana sikuandika. Sasa naandika kwa mpangilio, maana lazima iandikwe.

Ukumbi ulijaa. Kwaya safu ya nne, Wayua kando yangu, kushoto kwangu mama mmoja wa Kalimoni nisiyemjua, mwenye kofia ya sufu. Nilishika kalamu nikitafuta makosa.

Nusu saa ya kwanza niliyapata sita. Kisha ikaja sehemu ya soko. Bwana Giza amezima Thika yote. Wanawake wa sokoni wamekaa kimya katikati ya nyanya zao, hawaonani. Stima anaingia akitembea tu, hapigani na mtu, na vazi lake linaanza kuwaka. Si lote kwa pamoja. Mshono kwa mshono. Pindo kwanza, kisha ubavuni, kisha mwanga unapanda polepole mpaka begani, na nyuso za wale wanawake zinaanza kuonekana, mmoja mmoja. Hakuna aliyekohoa ukumbini. Mama wa Kalimoni alinishika mkono na mimi nikamwacha. Kalamu ilianguka, sikuitafuta.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu wa maana. Lakini nilikuwa na kurasa saba.

Muvi ilipoisha, majina yakaanza kupita na muziki. Mwas akasema wanajopo wanaweza kuja mbele taratibu. Wayua akanishika koti. Nikajinasua. Nilitaka kiti kilicho karibu na maikrofoni kabla Tabby hajakichukua. Yeye alikuwa bado ameketi, anasoma majina. Nikachukua maikrofoni, mgongo kwa skrini, na kuanza.

Nilisema chandarua. Wachache walicheka. Nilisema pazia la hoteli. Nikafika bega la kushoto, nikatamka neno mshono kwa ufasaha mkubwa, na kabla sijagusa miwani, kwaya yote ikasimama na kupiga makofi. Kisha ukumbi mzima. Ephantus alikuwa akilia. Walikuwa wakiita Kaleli, Kaleli. Maisha yangu yote nimesubiri siku hiyo. Nikainama. Nikainama tena.

Ndipo nikaona kwamba wote wanaangalia juu ya kichwa changu.

Nikageuka. Mwas alikuwa amesimamisha majina. Kwenye skrini, herufi ndefu kuliko mimi: Ubunifu na ushonaji wa mavazi, Mwelu Kaleli.

Akatokea pembeni ya jukwaa, amevaa gauni lake la buluu la kanisani. Mwas akampa maikrofoni. Ukumbi ukatulia. Hakuwa amekasirika. Afadhali angekasirika.

"Baba," akasema, "umekaa vibaya wapi?"

Nilitafuta kwenye karatasi. Kurasa saba na hakuna mahali palipokuwa na jibu. Kwa mara ya kwanza wiki hii nikasema kitu ambacho sikuwa nimekiandika.

"Sikuliangalia bega," nikasema. "Niliandika kabla. Wakati wa soko ndipo nililiona, na nilisahau kalamu."

Nikaongeza kwamba huyu ni mtoto wangu. Nilisema hivyo mara tatu, nasikia, na mara ya tatu maikrofoni ilikuwa imezimwa. Mwelu akanirekebisha kola, mbele ya watu wote, kama mtu anayepima.

Tabby alipopata zamu yake alisema hana la kuongeza.

Nyumbani Mwelu alieleza. Vazi la kwanza pia lilikuwa lake. Alikuwa ameniandalia habari hiyo kama zawadi, na siku aliyotaka kuniambia ndiyo siku nilipoandika chandarua. Hili la pili amelishona kwa wiki kumi na moja, saa za chakula cha mchana. Uzi wa begani aliufumua mara tano. Nilimwuliza taa zinaingiaje ndani ya mshono. Akaleta sindano na kipande cha kitambaa, tukakaa mezani mpaka nikaelewa. Nilimwomba msamaha pale pale. Wayua alikuwepo, ni shahidi. Mwelu akasema yameisha, lakini nimwahidi kitu kimoja: nisitoe tena maoni kuhusu kitu ambacho sijakiona.

Nimeahidi. Mkono juu ya Biblia.

Leo kanisani mchungaji amemsimamisha Mwelu apigiwe makofi. Nami nikasimama.

Jumanne, 19 Agosti

Watu wanakuja saiba kuniangalia tu. Nimebandika mlangoni picha ya Stima sokoni na chini yake maneno: Bega hili limetoka nyumba hii. Ephantus ametoa misumari na hakutaka malipo. Tabby amenipigia kuomba mahojiano na Mwelu. Nimemwambia mimi pia niko, na kwamba mtoto hupata jicho mahali fulani. Mwelu amenisikia na kucheka. Kicheko kizuri. Sijakisikia tangu mwaka jana.

Habari kubwa zaidi. Mwas amesema muvi ya tatu itakuwepo. Hadithi haijaandikwa. Mwelu hajanunua hata kitambaa. Lakini ukurasa wangu sasa una wafuasi elfu moja na mia nne, na watu hao wote wananingoja niseme kitu. Nifanye nini, ninyamaze?

Nimeandika maoni usiku wa kuamkia leo na kuyachapisha saa tatu asubuhi. Muvi ya tatu ni bora kuliko mbili za kwanza. Mwisho wake unatoa machozi. Nimeipa alama tisa kwa kumi. Moja nimeikata kwenye vazi, watu wasije wakasema napendelea.

Mwelu anapiga simu. Bila shaka ni kunipongeza.