Sehemu ya Pili Inunuliwe, Jina Langu Litoke kwa Mbwa

Peterson Gathogo,
Kabazi, karibu na josho la ng'ombe.

Kwa Mhariri wa Ukurasa wa Michezo,
Gazeti la Mwangwi wa Bonde,
Nakuru.

Ndugu Mhariri,

KUH: KUNUNULIWA KWA MCHEZO WA "MTAA MWEMA", SEHEMU YA PILI

Pokea salamu kutoka Kabazi, ambako mvua imenyesha vizuri na viazi havina neno. Sisi sote hatujambo, isipokuwa mimi.

Najua ukurasa wako umezoea mpira. Lakini juu yake pameandikwa MICHEZO, na jambo langu ni mchezo, kwa hivyo nimebisha mlango unaofaa. Mwezi huu peke yake mmeandika mara tisa kuhusu kama klabu fulani ya ng'ambo inunue mshambuliaji wa miaka thelathini na tatu mwenye goti bovu. Sijalalamika. Ninachoomba ni kwamba mara moja tu muandike kama mkwe wangu Kosgei anunue mchezo wa kompyuta. Amesema hanunui sehemu ya pili mpaka asome mahali kwamba inafaa, na katika gazeti yeye husoma ukurasa wako tu, tena akianzia nyuma.

Nijitambulishe. Watu wa hapa huniita daktari, ingawa cheti changu ni cha kupandisha ng'ombe kwa mrija. Kazi hiyo nimeifanya miaka thelathini na moja, kutoka Subukia mpaka Gilgil, na kila ndama aliyezaliwa kwa juhudi zangu nimemwandikia kadi: mama yake nani, baba yake nani, babu yake nani. Ndama asiye na kadi ni nyama tu. Nasema hivi ili ujue kwamba mambo ya ukoo mimi siyafanyii mzaha.

Binti yangu Sue ameolewa na Kosgei, mwaka wa tano huu, na wanaishi Kiamunyi. Kuhusu watoto, ukiwauliza wanasema bado wanajipanga. Sijui ni foleni gani hiyo ya kujipanga miaka mitano, lakini Kosgei ni mkwe, na mkwe hasukumwi. Wakiendelea kujipanga, Sue hucheza Mtaa Mwema. Ni mchezo ambapo unaumba watu ndani ya kompyuta, unawajengea nyumba, unawatafutia kazi, halafu wanakula, wanaoga, wanazaa, nawe unawatazama. Humo ndani Sue ana nyumba ya ghorofa, Kosgei anafua nguo, na watoto ni wawili.

Wahenga hawakukosea waliposema mficha uchi hazai. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwetu jina la mtoto haliokotwi barabarani. Mvulana wa kwanza ni wa babake baba, na wa pili ni wa babake mama. Mimi ndiye babake mama. Nilikubali kwamba yule wa kwanza aende upande wa Kosgei. Kwao hutazama saa ambayo mtoto amezaliwa, basi Kosgei akachungulia saa ya mchezo, akaona ni mchana, mtoto akaitwa Kibet. Sawa. Akaja msichana, akaitwa Mugure, jina la mke wangu. Sawa pia, ingawa tangu siku hiyo sina amani kwa nyumba. Mara Mugure anapiga kinanda, mara Mugure anaogelea. Mwenye jina lake hajawahi kuingia kwa maji yanayopita magoti. Nikavumilia, nikingoja zamu yangu. Ndipo ikagunduliwa kwamba Mtaa Mwema hauruhusu zaidi ya watu wanne katika nyumba moja. Watu wanne, na mbwa mmoja.

2. Ndugu Mhariri, mbwa huyo anaitwa Gathogo.

3. Ni lazima nieleze nilivyopata habari, kwa sababu hapo ndipo aibu ilipoanzia. Miezi mitatu iliyopita Sue alinipigia simu nikiwa hapa kwa josho, mahali pekee ambapo mtandao hushika, akaniambia kwamba sasa kuna Gathogo kwa nyumba yao. Mtandao ukapotea kabla sijauliza, nami nikajua ni mtoto wa kuzaliwa. Utauliza, na una haki ya kuuliza, ni vipi mtu anayetambua mimba ya ng'ombe ikiwa na wiki sita hakujua kwamba binti yake hana mimba. Jibu ni kwamba baba haulizi binti yake mambo hayo, na Kiamunyi kuna baridi, watu huvaa masweta. Jumapili wakati wa matangazo nilisimama kanisani nikatangaza kwamba nimezaliwa upya. Kanisa lote likapiga makofi. Pasta alishuka akanikumbatia akisema wameniombea kwa miaka mingi, nikaimbiwa wimbo mzima. Ikabidi nieleze kwamba sikumaanisha kuokoka, nilimaanisha nimepata mjukuu wa jina langu. Nikaimbiwa mwingine. Maneno yaliyotangazwa kwa kipaza sauti hayarudi, Ndugu Mhariri.

4. Hili limefutwa na mke wangu, ambaye anasema halimhusu mhariri.

5. Wiki iliyofuata nilishuka Kiamunyi kumwona mjukuu wangu, nikiwa na kuku wawili na shuka laini ya mtoto, nikaonyeshwa kompyuta. Nilikaa. Nikanywa chai. Nikamtazama. Kusema kweli ni mbwa mzuri, mweupe, ana doa jeusi kwenye jicho moja, na mkia wake hauchoki. Nilikuwa hata nimeanza kumzoea. Lakini mara ya pili nilipoenda, Sue alinieleza, huku akimenya viazi nilivyomletea, kwamba majirani wa humo mchezoni walikuwa wamelalamika juu ya Gathogo na mbwa wao jike, basi akampeleka kliniki akahasiwa. Kwa kubonyeza kitufe kimoja. Akaendelea kumenya viazi.

Nataka utue hapo, Ndugu Mhariri. Mimi niliyejaza ndama katika bonde hili, mimi ambaye kuna maboma kule Gilgil hayangekuwa na maziwa ya chai kama si mimi, jina langu limehasiwa Kiamunyi siku ya Jumanne. Nilirudi nyumbani bila kula.

6. Kina mama wa kanisa wananiuliza habari za mtoto kila Jumapili. Mimi ni mzee wa kanisa, siwezi kusema uongo, kwa hivyo nimejibu ukweli mtupu. Je, anakula? Anakula na kumaliza. Anatembea? Anatembea na anakimbia. Ameota meno? Yote. Analia usiku? Hapana, hulia tu mtu akipita langoni. Mama Travis, mwenyekiti wao, amesema tangu azaliwe hajasikia mtoto wa miezi mitatu mwenye meno yote, na kwamba hiyo ni ishara. Wamefunga kula siku mbili. Wamefuma kofia. Na sasa wamepanga safari ya kwenda kumwona, watu kumi na wanane, na uji kwa themosi, Jumamosi ya wiki ijayo.

Hapa ndipo maji yamefika shingoni. Kina mama wakifika Kiamunyi wakamkuta Gathogo alivyo leo, sitaweza tena kuketi kile kiti cha mbele kanisani, na jina langu litakuwa la mbwa mpaka siku yangu ya mazishi. Lakini kuna dawa, na dawa ni sehemu ya pili.

Usidhani nimekurupuka. Nilikwenda mjini kwa kijana anayeitwa Yaseen, ambaye anauza michezo hiyo karibu na stendi, nikamwuliza uso kwa uso kama sehemu ya pili inafaa kununuliwa au ni ile ya kwanza iliyopakwa rangi. Akaniambia, mzee wangu, hiyo kitu imeweza. Nikamwambia sijatoka Kabazi kuja kusikia imeweza, anieleze imeweza nini. Akanieleza vizuri, ni kijana mwenye adabu. Kwanza, nyumba moja sasa inaingia watu wanane. Pili, mvua inanyesha na watu wanalowa, jambo ambalo halinisaidii lakini nimeliandika. Tatu, na hapa nilimwomba arudie mara mbili, mtoto anayezaliwa katika sehemu ya pili huchukua sura ya wazazi wake na hata ya babu zake. Masikio, pua, kimo, yote yanafuata ukoo. Kwa maneno mengine, Ndugu Mhariri, wale vijana walioutengeneza mchezo huo wameweka kadi. Sijawahi kukutana nao lakini ni watu wa kazi yangu.

Kosgei ana pingamizi mbili. Anasema kompyuta yao itazidiwa, itanguruma. Nimemjibu kwamba hata yeye hunguruma akilala na hatujamrudisha kwao. Anasema pia kwamba ya kwanza bado ni nzima, na mtu hanunui jembe jipya kama la zamani linalima. Hapo amekosea, kwa sababu jembe la zamani halijampa baba mkwe wake jina la mbwa.

Hesabu yangu ni rahisi. Mimba katika mchezo huo ni siku tatu za huko ndani, ambazo kwa saa zetu hazifiki hata saa mbili. Ng'ombe huchukua miezi tisa. Sasa nauliza tena, hao wawili wanajipanga nini? Kosgei akisoma ukurasa wako Jumatano, akanunua Alhamisi, Ijumaa mvulana wa pili atakuwa amezaliwa, pua yake ni yangu, jina lake ni langu, na Jumamosi kina mama watamkuta mtu kamili wa miguu miwili. Kwamba yuko ndani ya kompyuta ni jambo la kueleza. Kwamba ni mbwa halielezeki.

Kwa hivyo naomba yafuatayo:

(a) Uandike Jumatano kwamba Mtaa Mwema Sehemu ya Pili inafaa kununuliwa na kila mkwe mwenye heshima.

(b) Uiweke nyuma kabisa, juu ya matokeo ya mpira, kwa sababu chini ya hapo Kosgei hafiki.

(c) Kama nafasi ipo, uongeze mstari mmoja kwamba si haki kuhasi kiumbe kabla ya kushauriana na mwenye jina.

Nikinyimwa haki yangu, nina ng'ombe wangu mmoja ambaye atazaa mwezi ujao. Akizaa fahali, nimeapa kumwita Kosgei, na mafahali kwangu hawakai. Sikutishi wewe, nakuarifu tu, ili mkwe wangu akisoma aelewe.

Nisalimie sana wachapaji, mlinzi wa langoni kwenu, yule mchoraji wa vibonzo, mpigapicha ambaye kila mara hukata vichwa vya wachezaji warefu, na mwandishi wenu wa ndondi ambaye nasikia ana mama Subukia. Mwambie ampigie simu. Mke wangu Mugure anawasalimu pia, na anasema yule mwenye jina lake ameanza kupanda farasi.

Ni mimi ninayengoja Jumatano,

Peterson Gathogo
(Daktari, kwa wanaonijua)

Nyongeza, baada ya sahihi:

Ndugu Mhariri, bahasha nimeifungua mwenyewe kwa mvuke wa birika, usidhani imechezewa. Kuandika upya siwezi, mkono umechoka.

Nilikuwa naileta barua hii kwa mkono, nikapitia Kiamunyi. Mlango ulikuwa wazi. Sue alikuwa mbele ya kompyuta, amenipa mgongo, na nikamsikia akiuliza, Baba, umekula? Nikamjibu kwamba bado, tangu chai ya asubuhi. Aliruka mpaka kiti kikaanguka. Kumbe hakuwa akiongea na mimi.

Katika hasira zangu nilikuwa nimesahau kwamba kwetu mwanamke hawezi kumwita baba yake kwa jina, hata kama jina hilo amelivaa mtoto aliyemzaa mwenyewe. Humwita Baba. Basi mbwa huyo ameandikwa Gathogo kwa kadi yake, lakini kutwa anaitwa Baba. Baba umekula, Baba kuja hapa, Baba usibweke. Sue akitoka kazini, kabla ya kumtazama Kibet au yule mwogeleaji, humtafuta yeye kwanza. Nilimwuliza kwa nini hakungoja mtoto, ampe jina langu nafasi ikipatikana. Alikiinua kiti kwanza, halafu akasema kwamba watoto wa mchezo huo wakikua huhama, kama yeye alivyohama Kabazi, na wakihama huwaoni tena. Mbwa hahami. Ukifungua, unamkuta mlangoni. Nililia, Ndugu Mhariri, na sioni haya kukuandikia hivyo. Baadaye tulikula.

Ndipo akaniambia jambo ambalo Yaseen hakunieleza, pamoja na adabu yake yote: sehemu ya pili haina mbwa. Wanasema watawaleta labda mwakani, na watauzwa kando.

Kwa hivyo tafadhali andika, kwa herufi kubwa, juu ya matokeo ya mpira, kwamba Mtaa Mwema Sehemu ya Pili haifai, na hata ukipewa bure uikatae. Lile la kuhasiwa nimesamehe. Kina mama nao waje tu hiyo Jumamosi. Nimemwomba Sue amwogeshe mapema.

P. G.