Petunia Zilizooshwa Maji Saba

Jumamosi, 3 Machi 1979
Vita vimetangazwa. Mzee Nzomo, msimamizi wa safu yetu hapa Shauri Moyo, amenigawia mimi na jirani yangu Mama Koki kile kipande cha ardhi kando ya bomba, nusu kwa nusu. Tarehe mbili Juni atakagua. Ambaye nusu yake itapendeza zaidi atachukua chote. Mama Koki anapanda sukuma wiki. Sukuma wiki! Mimi nataka mahali pamoja tu pa uzuri mtaani humu, nikae nisome bila kutazama mtaro. Mjomba Njogu, mtunza bustani kule Karen, ameniletea mbegu za petunia.

Jumapili, 4 Machi
Nimefungua pakiti baada ya kanisa. Vidonge! Vya mviringo, vya waridi, kama peremende. Pakiti yasema mbegu zimevikwa udongo, zisifukiwe, zinyunyiziwe maji tu. Siamini. Mahindi ya mbegu pia huja yamepakwa rangi, na ile rangi ni sumu. Mwaka wa njaa nyanya aliyaosha maji saba ndipo tukala. Hizi nazo nitaziosha maji saba. Isitoshe, Biolojia nilipita vizuri mno.

Jumatatu, 5 Machi
Nimeziosha kwenye kichujio cha chai. Maji ya kwanza: waridi. Ya pili: waridi hafifu. Ya tatu: kichujio kitupu! Kumbe mbegu yenyewe ni ndogo kama ugoro. Mama yangu amesema hajawahi kusikia mbegu ikivuliwa nguo. Bomba lilikuwa limekauka, basi Mama Koki akaja kuomba yale maji machafu amwagilie sukuma zake. Nikampa beseni zima. Huruma ya Kikristo.

Alhamisi, 19 Aprili
Upande wangu: vumbi. Upande wa Mama Koki: vijimea vyenye majani laini ya kunata, katikati ya sukuma. Nimelinganisha na picha ya pakiti. Ni vyangu!! Nikamwambia ni magugu mabaya, nikajitolea kumpalilia bure. Akanitazama kutoka utosini hadi kwenye kandambili. Akaniuliza, “Wewe msomi, tangu lini ukashika jembe?” Akasema gugu linalotamaniwa na msomi lazima lina faida. Akavimwagilia.

Jumamosi, 2 Juni
Zambarau. Nyeupe. Waridi. Sukuma zimezungukwa na maua kama bibi harusi. Mzee Nzomo akavua kofia. Sikuvumilia. Nikatangaza mbele ya safu nzima kwamba maua ni yangu. Mzee akauliza yalifikaje kule. Nikaeleza: kichujio, maji, beseni. Kicheko! Mama yangu mzazi akashika ukuta asianguke. Mzee akaamua kwamba aliyemwagilia ndiye mwenye maua. Ardhi yote kwa Mama Koki. Nimelia bafuni.

Jumapili, 3 Juni
Siamini. Mama Koki amekuja na bakuli la muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe. Amesema sukuma zinamtosha. Petunia zote na udongo wake nichukue mimi, nikae pale nisome, mwanangu, niache kununa. Nilitaka kumkumbatia. Nimempa mkono.

Nina bustani! Imechanua! Nimekaa pale saa nzima nikiitazama. Udongo wake si safi. Umenyweshwa uchafu wa kila beseni la safu hii. Sayansi yasema udongo wa maua huchemshwa kuua vijidudu. Mama yangu ameuliza ugali utapikwa kwa sufuria gani. Watu hawana maono. Kesho asubuhi nawasha jiko.

Nitaanza kwa kung’oa maua.