Kirusi cha Mama Prudencia

Nkwabi aliiona kompyuta kabla hajamwona mwenye kompyuta, na makosa yake yote yalianzia hapo. Alikuwa anapita mtaa wa Pasiansi, Mwanza, kutafuta riziki, begi la fundi begani, shati limenyooshwa vizuri, akachungulia kwenye duka jipya la steshenari. Mashine ilikuwa mezani, kioo kipana kimeelekea barabarani, sanduku lake la mitambo bado lina nailoni ya dukani. Fundi mwingine angeona kazi. Nkwabi aliona diski mpya, memori mpya, na watu wawili wa mjini wanaonunua vitu bila kuuliza vilikotoka.

Lakini tumtendee haki, hakuwa mwizi. Mwizi anavunja mlango na kuwatia watu hofu. Nkwabi alipiga hodi mchana kweupe, akaamkia wakubwa, na mali yako ulimkabidhi mwenyewe huku ukimshukuru. Silaha yake ilikuwa kidude kisichozidi punje ya hindi, kipokezi cha mausi isiyo na waya. Ukishakichomeka nyuma ya kompyuta ya mtu, ukavuka barabara na kukaa na mausi yako pajani, kompyuta ya mtu yule inaanza kukutii wewe.

Basi aliingia kutoa kopi ya kitambulisho. Mwenye duka, Mama Prudencia, mama wa Kihaya mwenye miwani ya mnyororo na sauti ya mwalimu wa kwaya, alipogeukia mashine ya kopi, kidude kikaingia. Kikafuatiwa na flashi, na kwenye flashi kulikuwa na kiprogramu cha kupakua sinema kimyakimya, maana Nkwabi alipenda mgonjwa awe na dalili mbili.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na benchi la chai la Winnie. Nkwabi akakaa, akaagiza chai na chapati, akaweka mausi juu ya paja chini ya gazeti. Pembeni yake alikaa kijana mwembamba, mkono mmoja kwenye kikombe, mwingine ndani ya begi, kama mtu anayetafuta funguo. Nkwabi hakumjali.

Menyu ikafunguka. Mama Prudencia akaifunga. Ikafunguka nyingine, ya chini, ikapanda, ikashuka, ikafungua nyingine ubavuni. Mama akavua miwani, akaipangusa, akaivaa. Kadi ya harusi aliyokuwa anaiandika ikageuka maandishi makubwa mekundu.

Nkwabi akaridhika, akaondoa mkono kwenye mausi ili anywe chai. Menyu ikafunguka.

Akatazama mkono wake. Ulikuwa umeshika kikombe. Kule dukani menyu nne zilikuwa zinafuatana, na karatasi ilianza kutoka kwenye printa bila mtu kuiagiza. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake alifikiri kwamba huenda vitu hivi vipo kweli. Kisha akajiambia kuwa mgonjwa akizidiwa, daktari ndiye anayefaidi, akalipa chai na kuvuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Waitu, umekuja wakati mbaya. Hii mashine imepandwa na kitu."

"Mimi ni fundi, mama. Nilikuwa napita tu, nikaona kioo kinacheza, roho ikaniuma."

"Roho imekuuma wewe, na mashine ni yangu?"

"Ndivyo nilivyolelewa."

Akakaa mbele ya kioo, akang'oa kidude chake kwa siri na kukizima kile kiprogramu. Menyu zikaendelea kucheza. Taa ya modemu nayo ikaendelea kupepesa kwa fujo.

"Na bando linakwisha," mama akasema. "Naweka asubuhi, kufika saa nne limeliwa. Nani analila?"

"Kirusi, mama." Hapo Nkwabi akashusha sauti, maana fundi akipaza sauti huonekana muuza dawa za panya. "Hiki ni kirusi kinachosafiri. Kinatoka kwenye menyu, kinapita kwenye modemu, kinakwenda nje ya nchi, kinarudi na wenzake. Hapa dukani hakitibiki. Nikifungua sanduku hapa, kinatoka na hewa, kinaingia kwenye printa, kwenye simu yako, mpaka kwenye luku ya umeme."

"Mungu wangu! Kwenye luku?"

"Nimeona kwa macho yangu. Lazima sanduku liende kwenye karakana yangu, lisifunguliwe njiani hata kidogo."

Mama Prudencia akajishika kifua. Akafikiri. Kisha akauliza swali ambalo wateja wa Nkwabi hawakuwa na tabia ya kuuliza.

"Na kadi za harusi? Bwana harusi anakuja jioni. Utaniachia mashine gani nifanyie kazi?"

Hapa ndipo tunapaswa kusema kuhusu laptopu iliyokuwa kwenye begi. Haikuwa ya Nkwabi. Ilikuwa ya Odeta, mchumba wake, mwanafunzi wa ualimu Butimba, aliyempa asubuhi ile aisafishe feni. Ndani yake kulikuwa na ripoti ya utafiti ambayo Odeta angeikabidhi Jumatatu, na bila ripoti hiyo angerudia mwaka. Wiki iliyofuata wajomba wa Nkwabi walikuwa waende kwao Odeta kujitambulisha. Nkwabi alimpenda Odeta kweli. Katika maisha yake yote ya maneno, hilo ndilo neno lililokuwa na uzito, na akili timamu ingemwambia afunge zipu ya begi aondoke.

Lakini macho yake yalikuwa kwenye sanduku lenye nailoni. Alihitaji saa mbili tu: atoe diski mpya, aweke chakavu, arudi, achukue laptopu. Nani angejua?

"Nitakuachia hii, mama," akasema, akaifungua na kuiwasha. "Ujue nimekuamini."

"Na mimi nimekuamini, mwanangu. Lakini huendi na njaa. Pita ndani."

Nyuma ya pazia kulikuwa na sahani ya senene, wale panzi wa msimu, waliokaangwa wakakauka vizuri. Sasa, mtu akikaribishwa senene na Mhaya, halafu akasema ameshiba, anakuwa ametukana ukoo mzima mpaka waliozikwa. Nkwabi, Msukuma wa Magu, alikula. Alikula kwa adabu, mmoja mmoja, akisikia mama anahangaika kule mbele, kamba zinavutwa, selotepu inalia.

Alipotoka, sanduku lilikuwa ndani ya boksi la katoni, boksi ndani ya blanketi, blanketi ndani ya khanga mbili zilizofungwa mafundo ya maana.

"Nimelifunga lisipate hewa," mama akasema. "Usije ukafungua njiani, kikaingia kwenye luku za watu."

Nkwabi alitamani kuhakikisha kilichomo. Lakini mtu aliyesema mwenyewe kwamba hewa inaua hawezi kuomba kuchungulia. Akalipakata kwenye bodaboda, zito kama mtoto aliyelala, akaenda chumbani kwake akiimba.

Mafundo yalimsumbua zaidi ya saa nzima. Alipofika kwenye katoni, akakuta jiwe. Jiwe safi, la mviringo, ambalo Mwanza unaliokota popote bila kumwomba mtu.

Nkwabi alikaa sakafuni. Hakuwaza diski wala memori. Alimwaza Odeta amekaa mbele ya wasimamizi wake Jumatatu, mikono mitupu. Akatoka mbio.

Duka lilikuwa limefungwa. Barazani alikuwepo yule kijana mwembamba wa kwenye benchi, amekalia mzigo wa khanga zilizofunguliwa, jiwe linachungulia. Kando yake alisimama fundi wa tatu, mwenye kofia, na mzigo wake.

"Na wewe?" akauliza mwembamba. Aliitwa Elias, na sauti yake ilikuwa ya msibani.

"Na mimi," Nkwabi akasema. "Kumbe zile menyu zilizofunguka zenyewe zilikuwa za mausi yako?"

"Menyu zangu. Printa yake huyu. Za kwako mimi nilidhani ni mapepo. Halafu nikakuona unaondoka na furushi, mashine bado iko mezani, nikajua umeshindwa kazi."

Winnie alikuwa anakusanya vikombe ng'ambo ya barabara, akicheka mpaka anashika kiuno. "Mama ameondoka na meli ya Nansio! Wiki nzima alikuwa anakuja hapa kwangu jioni, anawahesabu mafundi. Mmoja anachomeka kidude, mwingine anachomeka, yeye anajifanya haoni. Anasema kule kisiwani Ukerewe anafungua duka kubwa, laptopu mlizomwachia zinamtosha."

Simu ya Nkwabi ikaita. Ilikuwa Odeta.

"Nkwabi, nimepigiwa na mama mmoja yuko melini. Ameikuta namba yangu kwenye jalada la ripoti."

"Odeta, nisikilize, naomba nieleze..."

"Ripoti ameshanitumia kwa barua pepe. Na laptopu amesema nikaichukue kwake kesho, kwa sababu ni ya mwanafunzi. Za wengine harudishi. Mama mzuri sana. Tumeongea muda mrefu."

Nkwabi akafumba macho, akashukuru. Karibu alie. Hasara imepita pembeni yake kwa unywele, wajomba watakwenda, mahari itazungumzwa.

"Amenieleza jinsi menyu zake zilivyokuwa zinafunguka zenyewe," Odeta akaendelea, polepole. "Na bando linaliwa. Halafu anatokea kijana mwenye shati safi, alikuwa anapita tu, roho imemuuma."

Nkwabi akawapa mgongo Elias na mwenye kofia.

"Ndiyo nikakumbuka kantini ya chuo. Laptopu yangu ilivyokuwa inacheza, nikawa nalia, ukatokea wewe. Ulikuwa unapita tu. Nimewasimulia watu wote nyumbani kwamba Mungu ndiye aliyekuleta. Mama yangu amekuombea. Nkwabi, siku ile laptopu yangu ilikuwa na nini?"

Elias na mwenye kofia walikuwa wanamtazama. Nkwabi alitafuta neno. Alikuwa na maneno ya wateja, ya askari, ya wenye nyumba, ya wazee wa kanisa, na katika yote hayo hakupata hata moja la kumpa Odeta.

"Haloo?" akasema mwishowe. "Odeta? Haloo? Mtandao unasumbua, sikusikii."

"Mimi nakusikia vizuri sana," Odeta akasema, akakata simu.