Kinyua Afunga Bao Kitale

Jumamosi, 2 Agosti. Bungoma.

Miezi mitatu tangu nistaafu ukarani wa serikali. Nina akili nyingi na hakuna pa kuziweka. Leo nimepata!

Dada yetu Peris, kule Kitale, alifiwa na mumewe Kinyua mwezi wa Januari. Tangu siku hiyo haongei ila kwa lazima. Chakula anagusa tu. Jina la marehemu halitaji kabisa. Mdogo wangu Levi, shemasi wa kanisa, humtembelea kila baada ya wiki mbili, akaomba naye, akarudi. Ukoo mzima humsifu. Levi ana moyo, Levi ana upendo. Na mimi? Ati Hesbon ana ushauri mwingi.

Sasa sikia. Binti yangu Joy ana mashine ya gemu ya mpira. Husema akiwa na huzuni hucheza kidogo, moyo ukatulia. Basi nitaipeleka Kitale. Nitacheza na Peris. Nitamwachia anifunge. Atafurahi, na safari hii sifa zitakuja kwangu.

Joy amekubali kuniazima. Amenisihi nisiikalie. Kwani mimi ni mtu wa kukalia vitu?

Jumapili, 3 Agosti. Kitale.

Nimefika salama. Mashine pia, ingawa niliikalia kidogo.

Peris ameiangalia, akauliza kama ni ya kupima presha. Nimemweleza. Akanijibu kwamba yeye ni mjane, si mtoto. Nikasema ni utafiti, nahitaji mtu wa kunisaidia. Utafiti wa nini, hakuuliza. Ashukuriwe Mungu, maana sikuwa na jibu.

Nimeunganisha nyaya kwa runinga. Nimewasha. Stima ikapotea, taa zikazimika mtaa mzima. Si mimi!

Jumatatu, 4 Agosti.

Stima imerudi. Nilimpa Peris kidude cha vitufe, nikamwonyesha hiki cha kukimbia, hiki cha kupiga. Nilikuwa nimepanga kumwachia mabao mawili.

Hakungoja kuachiwa. Sita kwa sifuri! Moja nilijifunga mwenyewe, lakini matano ni yake halali.

Kwa bao la nne alicheka. Kicheko kidogo, kama mtu anayejaribu kiatu alichokiacha chini ya kitanda. Nilijifanya sijasikia, nisije nikamtisha. Jioni alikula ugali na mboga ya mrenda, akaongeza. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikamshukuru Mungu kwa dhati.

Halafu nikakasirika. Sita!

Jumatano, 6 Agosti.

Nimetafuta mwalimu. Abdihakim huuza vipuri vya pikipiki karibu na msikiti. Nyuma ya duka ana runinga na mashine kama ya Joy, na wanaume wa sokoni hucheza hapo saa ya chakula. Peris nimemwambia naenda kupimwa macho.

Abdihakim alinitazama nikicheza, akatikisa kichwa. "Mzee wangu, unabonyeza kama mtu anaua siafu. Pole pole bana. Vuta pumzi kwanza."

Nikavuta. Ajabu! Mabega yalishuka. Kumbe tangu nistaafu yalikuwa yamekaa karibu na masikio, na mimi sina habari. Tulicheza saa nzima. Saa nzima sikukumbuka hata mara moja kwamba hakuna afisi inayoningoja. Nimefungwa mechi zote nne, nikatoka nikipiga mluzi.

Aliniambia kwamba mama yao alipokufa, yeye na kaka yake hawakujua waambiane nini. Wakawa wanacheza tu, bega kwa bega, wiki nzima. Siku moja katikati ya mechi kaka yake akaanza kuongea. Nimelifikiria jambo hilo njia yote.

Alhamisi, 7 Agosti.

Nimekamatwa! Nasro, mke wa Abdihakim, hununua maziwa kwa Peris. Asubuhi amemhadithia kwamba kuna mzee wa Bungoma anafungwa dukani kwao hadi wateja wanamhurumia.

Peris alinimiminia chai, akaniuliza, "Baba Joy, macho yamepona?"

Nilidhani atanifukuza. Badala yake alitaka nimwonyeshe nilichofundishwa. Katika kubonyezabonyeza akafika mahali pa kuunda mchezaji wako mwenyewe: sura, namba, jina. Akaandika polepole, herufi moja moja. KINYUA.

Akafika kwenye kimo.

"Nimpe urefu?" akauliza.

Nikasema jamani, shemeji alikuwa mfupi.

"Ndiyo," akasema. "Lakini alitamani sana."

Tumempa urefu.

Jumamosi, 9 Agosti.

Sijui nianzie wapi.

Mafunzo yamenifaa. Dakika ya themanini na nane, mimi moja, Peris sifuri. Nilikuwa tayari nimeanza kuchagua maneno ya kumfariji. Mlango ukafunguliwa. Levi, na Biblia, na mfuko wa avokado. Akasimama katikati ya sebule, mdomo wazi. Nyumba ya msiba, na makelele kama uwanjani! Akaanza kuuliza kama hatuoni haya.

"Shemasi, kaa chini," Peris akasema bila kugeuka. "Unaziba runinga."

Levi akakaa. Mpira ukamfikia Kinyua. Mimi nikabonyeza kitufe cha kumtoa kipa, kumbe sicho, kipa akaenda matembezi upande mwingine kabisa. Kinyua akapiga.

Peris aliruka juu. "Kinyua! Kinyua wangu! Maisha yake yote hakuweza kupiga hata kopo!"

"Goooori!" akapiga kelele Levi, na Biblia yake hewani. (Levi na herufi l hawajawahi kuelewana.)

Kisha dada yetu akalia. Akalia akicheka, akicheka analia, na sisi wawili tukamshika mikono, mmoja huku, mmoja huku. Halafu akaanza kusimulia. Jinsi Kinyua alivyomposa akiwa amevaa viatu vya kuazima. Jinsi alivyowapa ng'ombe wote majina ya wakwe zake. Chai ikapoa, tukapasha, ikapoa tena. Maneno ya miezi saba yalitoka mchana mmoja.

Nimewaambia kwamba bao lile nilimwachia. Hapa kwenye shajara siwezi kudanganya: sikuliona hata likija. Asante, Mungu wangu, kwa mikono yangu mibovu.

Jumapili, 10 Agosti.

Levi ametoa ushuhuda kanisani! Ati Bwana alimwongoza yeye "pamoja na ndugu yangu" kumfariji dada. Pamoja na! Kina mama wamempigia vigelegele. Mimi nimepewa mkono na mzee mmoja aliyedhani ni mimi fundi wa vipaza sauti.

Lakini tukitoka, Peris alinivuta mkono wa koti. "Najua ni nani aliyeileta ile mashine," akasema. "Mungu akubariki, ndugu yangu."

Nimepangusa macho. Vumbi la Kitale huingia machoni vibaya.

Joy amesema kwa simu mashine ibaki kwa shangazi yake. Ameuliza pia mbona imebonyea. Mtandao ulikuwa mbaya, sikumsikia vizuri.

Jumatatu, 11 Agosti. Bungoma.

Nyumbani. Nimelala usingizi mzito kama gunia. Nina furaha, sifichi.

Wiki hii nimemkumbuka mama mkwe kule Myanga. Miaka sabini na tisa. Goti linamuuma, ameketi ndani kutwa, mpweke. Inasikitisha. Pia jicho moja lina ukungu, na kitufe pekee alichowahi kubonyeza ni cha redio. Kabla sijaondoka Kitale, Abdihakim aliniazima mashine yake ya zamani. Naenda Jumatano.

Nitamwachia bao moja tu, la heshima. Huyu hawezi kunishinda.